Damu na kinga ya mwili: malaria Bujumbura

Damu ni kimiminika kinachosafirisha oksijeni, virutubisho na chembe za kinga mwilini. Mtu mzima huwa na lita 5 hivi. Zaidi ya nusu ni plazima, majimaji ya manjano hafifu. Karibu sehemu yote inayobaki ni chembe nyekundu, zinazoishi siku 120 hivi. Chembe sahani hugandisha damu penye jeraha. Chembe nyeupe hazifiki asilimia 1, lakini ndizo zinazopambana na maradhi.

Mjini Bujumbura, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika katika tambarare yenye joto ya Imbo, mapambano hayo huonekana wazi katika malaria. Kimelea Plasmodium falciparum hujificha ndani ya chembe nyekundu, huzaliana, kisha huzipasua. Ndipo huja homa na upungufu wa damu. Bandama huchuja chembe zilizoambukizwa, nazo chembe nyeupe hutengeneza kingamwili. Kinga hii hujengeka polepole kwa kuambukizwa mara kwa mara, na hufifia. Haizuii maambukizi, hupunguza makali tu, ndiyo maana watoto wadogo, ambao bado hawajaijenga, hufa zaidi. Wakazi wa nyanda za juu kama Kayanza, ambako baridi hupunguza mbu, wana kinga haba. Mlipuko wa 2000–2001 uliwaumiza sana. Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko mwingine nchini.

Mtoto aliyepungukiwa mno damu kwa malaria huongezewa. Kwanza hupimwa kundi, A, B, AB au O, kwani kinga yake hushambulia damu isiyolingana na yake.