Kinga ya sampu si fasheni, ni historia yetu

Wanangu wa Changamwe, kabla hujampa fundi hela ya taa na stika, hebu chungulia chini ya gari lako.

Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikimbizwa Pasaka, wakati wa masika. Mawe, mashimo, matope. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu! Kwa njia kama hizo, jiwe moja likipasua sampu, oili inamwagika na injini inakufa, hata uwe na mbio vipi. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mimi sishangai.

Sasa watu wanataka kinga ya aluminiamu ya kuagiza. Sawa, kwa unene uleule uzito wake ni kama theluthi ya chuma. Lakini ikipasuka ukiwa Kinango usiku, nani ataichomelea? Chuma cha milimita 4 kikipinda, kinagongwa nyundo, safari inaendelea.

Mwambie fundi hivi: ifungwe kwenye chasisi, isiguse sampu. Mbele iinuke kama omo la mashua, iteleze juu ya jiwe. Iwe na tundu la kumwagia oili, na matundu ya kutolea matope, maana matope yakikaa na hii chumvi yetu ya Likoni, kutu haichelewi.

Kuonekana mkali ni rahisi. Kufika ndiyo kazi.