Nishani ya Doggersbank: Tuzo ya pigano lisilo na mshindi

NISHANI ya Doggersbank ni tuzo ya ukumbusho waliyopewa maafisa wa jeshi la wanamaji la Uholanzi waliopambana na Waingereza katika Bahari ya Kaskazini mnamo Agosti 5, 1781.

Aliyewatunuku ni Mwanamfalme William wa Tano wa Orange, aliyekuwa amiri mkuu wa majeshi ya nchi hiyo.

Uingereza ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Uholanzi Desemba 1780, ikikasirishwa na biashara ya Waholanzi na waasi wa Marekani. Vita hivyo viliikuta Uholanzi ikiwa na manowari chache, kwani jeshi lake la majini lilikuwa limepuuzwa kwa miaka mingi.

Siku ya pigano, Admirali Johan Zoutman alikuwa akisindikiza meli za biashara kuelekea Bahari ya Baltiki. Alipofika Doggersbank, sehemu yenye maji ya kina kifupi, alikutana na msafara wa Waingereza uliotoka huko chini ya ulinzi wa Admirali Hyde Parker.

Kila upande ulipanga manowari saba. Mizinga ilinguruma kwa zaidi ya saa tatu, meli zikiwa karibu karibu, hadi pande zote mbili zikaishiwa na nguvu.

Waholanzi 142 na Waingereza 104 waliuawa, na mamia wengine kujeruhiwa. Hakuna meli iliyotekwa, lakini manowari ya Kiholanzi iliyoitwa Holland ilizama usiku uliofuata kutokana na uharibifu iliyoupata.

Uholanzi ilishangilia kana kwamba imeshinda. Wananchi waliozoea habari za meli zao kutekwa sasa walikuwa na mashujaa wa kusifu. Mbali na nishani ya maafisa, Johan George Holtzhey, fundi mashuhuri wa Amsterdam, alitengeneza medali za kukumbuka pigano hilo.

Hata hivyo, msafara uliolindwa kwa damu hiyo haukufika Baltiki. Ulirejea nyumbani, ilhali msafara wa Waingereza uliendelea na safari. Ushujaa wa mabaharia haukuweza kuziba pengo la meli zilizokosa kuundwa wakati wa amani.

Kwa upande wa Uingereza, Parker hakuridhika. Mfalme George wa Tatu alipomtembelea, alimweleza waziwazi kwamba jeshi lilihitaji meli bora na maafisa vijana zaidi, kisha akajiuzulu.

Nchini Uholanzi, lawama ziliendelea kumwandama William hata baada ya nishani kutolewa. Septemba 1781, kijitabu kisicho na jina la mwandishi kilisambazwa kwa siri kikimshutumu kwa udhaifu wa taifa.

Vita viliisha mwaka wa 1784, Uholanzi ikipoteza Nagapattinam, kituo chake cha biashara nchini India. Mnamo Januari 1795, majeshi ya Ufaransa yalipoingia Uholanzi, William alitoroka kwa mashua na kukimbilia Uingereza, nchi ile ile ambayo maafisa wake walituzwa kwa kupigana nayo.