Usimamizi wa malighafi na akiba kwa kompyuta

Usimamizi wa malighafi na akiba kwa kompyuta ni matumizi ya programu kufuatilia vitu vinavyoingia kiwandani, vilivyomo ghalani na vinavyotoka, na kukokotoa kiasi cha kuagiza. Mbinu yake ya msingi ilienezwa na Joseph Orlicky wa Marekani, aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1975.

Programu huanza na idadi ya bidhaa zinazotakiwa, kisha huondoa kilichopo ghalani. Kiwanda kikitaka kujaza chupa 10,000 za maji na stoo ina vifuniko 4,000, programu huonyesha upungufu wa 6,000 na siku ya mwisho ya kuviagiza.

Mjini Kampala hesabu hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa Uganda haipakani na bahari. Shehena nyingi kutoka ng'ambo hupitia bandari ya Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara; kontena moja likichelewa, mashine zinaweza kusimama. Viwanda vya dawa, kama kile cha Quality Chemical Industries kilichopo Luzira, hutakiwa pia kufuatilia kila toleo la dawa na tarehe ya kwisha muda wake.

Tangu Januari 2021, Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) huwataka waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoa ankara kupitia mfumo wa EFRIS, unaotunza pia kumbukumbu za akiba. Hata hivyo, takwimu za kompyuta huaminika pale tu zinapolinganishwa mara kwa mara na vitu halisi vilivyomo ghalani.