Uzalishaji wa Saruji: Namna ya Kuokoa Nishati na Kupunguza Hewa Ukaa

Viwanda vya saruji huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Chanzo kikuu ni klinka, yaani punje ngumu zinazopatikana baada ya mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi. Klinka husagwa pamoja na jasi, ikawa saruji.

Sehemu ya hewa hiyo hutokana na makaa ya mawe, gesi asilia au mafuta yanayochomwa tanurini. Sehemu kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe: kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa, kilo 44 hutoka zikiwa hewa ukaa. Kwa sababu hiyo, kubadili nishati pekee hakutoshi.

Kwa upande wa nishati, matanuri ya zamani yanayopokea malighafi ikiwa tope hutumia gigajuli 5 hadi 6 kwa tani ya klinka, kwa kuwa joto jingi huishia kukausha maji. Matanuri ya kisasa hupokea unga mkavu uliokwisha kupashwa kwa hewa moto ya tanuri lenyewe, na huhitaji gigajuli 3 hadi 3.5. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kimekuwa kikitumia gesi asilia ya Songo Songo tangu mwaka 2004. Kile cha Hima, Uganda, kimetumia maganda ya kahawa.

Hatua yenye tija zaidi ni kupunguza klinka katika saruji. Saruji aina ya CEM I huwa na klinka isiyopungua asilimia 95, ilhali CEM II huwa na asilimia 65 hadi 94. Pengo hujazwa kwa chokaa isiyochomwa au pozolana, ambayo ni mawe na majivu ya volkano kama yapatikanayo Mbeya na Kilimanjaro.

Mwananchi anayejenga anashauriwa kusoma maandishi ya mfuko. Namba 32.5 au 42.5 huonesha nguvu inayotakiwa kufikiwa baada ya siku 28, bila kujali kiasi cha klinka. Saruji yenye pozolana huimarika polepole. Hivyo zege lake limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7.