Fungate, Kenda na Misingi ya Hesabu

Muuzaji wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huyahesabu magunia yake hadi "saba" bila kukumbuka kwamba neno hilo ni mgeni. Waswahili wa kale walisema mfungate, na mabaki yake yamo katika fungate, zile siku saba za maharusi. Jirani yake Msukuma angali akisema mpungati. Sita, saba na tisa ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yakayasukuma kando mtandatu, mfungate na kenda. Majina matatu kati ya kumi yalibadilika, wala hesabu ya magunia haikubadilika.

Nimeanza na majina kwa kuwa swali letu lahusu kilicho chini zaidi: je, kanuni ambazo juu yake wanahisabati wameisimamisha hesabu zaweza siku moja kukinzana? Si swali la mzaha. Mwaka 1902 juzuu ya pili ya kitabu cha Gottlob Frege ilikuwa tayari mitamboni pale Bertrand Russell alipomwandikia barua kumwonyesha mkinzano katika misingi yake. Mwaka 1931 Kurt Gödel akathibitisha kwamba mfumo wa kanuni unaotosha kuibeba hesabu, ukiwa hauna mkinzano, hauwezi kujithibitishia wenyewe kwamba hauna. Gerhard Gentzen aliutoa uthibitisho huo mwaka 1936, lakini kwa kuazima nyenzo za nje ya mfumo; mwenye shaka atauliza nani amezidhamini hizo.

Mwaka 2011 Edward Nelson wa Chuo Kikuu cha Princeton alitangaza kwamba ameuona mkinzano. Terence Tao akaonyesha kosa katika hoja, na Nelson akaliondoa dai lake baada ya siku chache, uungwana ambao sisi wasomi hatuna kwa wingi. Shaka yake haikuwa juu ya magunia. Ilikuwa juu ya kanuni isemayo kwamba jambo likiwa kweli kwa sifuri, na likawa linarithishwa na kila namba kwa ifuatayo, basi ni kweli kwa namba zote: ile "na kadhalika" tuitamkayo haraka mno.

Mkinzano ukipatikana, kila kauli itathibitika, hata kwamba sifuri ni sawa na moja. Wanahisabati watarudi kutengeneza, kama walivyofanya baada ya Frege. Sidhani utapatikana, lakini anayenijibu kwamba tumehesabu karne nyingi bila kukwama, ananitajia namba tulizozifikia tu.