Jan Vansina: mwanahistoria aliyewasikiliza wazee

Jan Vansina (1929–2017) alikuwa mwanahistoria Mbelgiji aliyetumia maisha yake kuandika historia ya Afrika ya Kati, hasa Kongo yetu, Rwanda na Burundi. Anakumbukwa kwa jambo moja kubwa: aliwaonyesha wasomi kwamba masimulizi na nyimbo zilizopokelewa kwa mdomo ni ushahidi wa historia, mradi zipimwe kama hati zinavyopimwa. Sisi tulio Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kazi yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kutoka Antwerp hadi Kasai

Alizaliwa Antwerp tarehe 14 Septemba 1929, akasomea historia ya Ulaya ya zama za kati katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1952 taasisi moja ya utafiti ilimleta Kongo, naye akaenda Kasai kuishi kati ya Wakuba. Huko mtu mmoja alimweleza kwamba wao pia wana magazeti, ila huyabeba kichwani, kisha akamsomea mashairi mafupi ya kale. Vansina aliona yanafanana na maombolezo ya Kilatini aliyoyachambua chuoni. Kama wanahistoria wanayapima yale ya Ulaya, kwa nini wasiyapime haya ya Kasai?

Swali hilo lilizaa tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1957 na kitabu *De la tradition orale* cha mwaka 1961. Baada ya miaka kadhaa ya utafiti Rwanda na Burundi, alikwenda Marekani mwaka 1960 kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, hadi alipostaafu mwaka 1994. Aliandika juu ya falme za savana (1966), watu wa msituni (1990) na maisha ya Wakuba chini ya ukoloni (2010). Alifariki Madison tarehe 8 Februari 2017.

Namna ya kupima neno

Vansina hakusema kwamba kila asemalo mzee ni kweli. Aliuliza: Huyu alilisikia kwa nani, na yule kwa nani? Ni nani anafaidika likisimuliwa hivi? Ukoo mwingine unasemaje? Kisha alilinganisha na lugha, na vitu vilivyochimbwa ardhini, hata na mambo ya angani: kupatwa kwa jua kwa mwaka 1680 kulimsaidia kukadiria wakati wa mfalme mmoja wa Wakuba.

Wapo waliompinga. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alidai kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliofika huko. Pingamizi lenye uzito zaidi lilitoka kwa mwanafunzi wake mwenyewe, David Henige, aliyeonya kwamba orodha ndefu za wafalme hurefushwa, na kwamba yaliyosomwa vitabuni hurudi midomoni yakadhaniwa ni ya kale. Vansina hakukasirika akafunga mlango. Mwaka 1985 alitoa kitabu kipya juu ya mambo yale yale, *Oral Tradition as History*.

Na sisi wa Nyangwe?

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki katika soko letu, na wengi waliokuwapo walikuwa wanawake. Wengine walizama mtoni wakikimbia. David Livingstone aliyaona kwa macho yake. Kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia, aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda. Alitaja makadirio ya Waarabu wenyewe: kati ya watu 330 na 400 walikufa. Maandishi hayo yaliyofifia yalipopigwa picha kwa mwanga maalumu na kusomwa tena mwaka 2011, yalionekana kutofautiana na kitabu kilichochapwa mwaka 1874. Basi hata karatasi inahitaji kuulizwa maswali.

Hilo ndilo gazeti la mgeni. La kwetu, lililobebwa kichwani, liko wapi? Majina ya akina mama wale yako kwa nani?

Tukiri, wapendwa: tunaogopa kuuliza. Kwenye benchi moja kanisani huketi wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na mara nyingine mtu mmoja ni mjukuu wa pande zote mbili. Tumeita kimya hicho amani. Sisi wachungaji tumezika wazee wengi, tukasoma maisha yao kwa dakika tano, tukarudi nyumbani bila kuandika walichokijua. Kimya hakikuponya, kimewaachia wachochezi nafasi ya kusimulia badala yetu.

Luka, mwanzoni mwa Injili yake, anasema alichunguza mambo yote kwa uangalifu kutoka kwa walioyaona. Hiyo ni kazi ya imani. Kila parokia inaweza kuanza na daftari moja: jina la msimulizi, aliyemsimulia, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema. Tuwaulize akina bibi pia, si wakuu wa koo tu. Tusikie pande mbili kabla ya kuhukumu. Na mzee akisema neno la aibu juu ya ukoo wake mwenyewe, tuliandike kwa heshima, kwa maana Bwana alisema kweli itatuweka huru.