Kabati la kukomazia mvinyo

Mfaransa ana majina mawili mahali ambapo sisi tunajitosheleza na moja. Cave de service ni kabati la kupozea chupa zitakazonywewa wiki hii au mwezi huu. Cave de vieillissement ni kabati la kulazia chupa kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini, ili mvinyo ubadilike ladha polepole gizani. Mtu wa Uvira akiziona zote mbili atasema ni frigo ya mvinyo, na kwa macho hajakosea: mlango upo, rafu zipo, kompresa inanguruma nyuma. Shida huanza siku mashine inapoharibika na kupelekwa kwa fundi aliyezoea mafrigo ya vyakula.

Frigo ya vyakula hushika nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na joto lake likipanda na kushuka kidogo nyama haidhuriki. Kabati la kukomazia hushika nyuzi 12 hivi, na kazi yake hasa ni kuzuia joto lisiyumbe. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Ukipoa hujikunja na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukirudiwa miezi na miezi, chupa huishia kuwa siki. Unyevu nao una sehemu yake. Frigo hukausha hewa, wakati kizibo cha gome la mti kinataka unyevu wa asilimia 60 hadi 75 kisisinyae. Kwa hiyo fundi akitia termostati ya frigo ya kawaida, mashine itapoza vizuri, mteja atalipa na kushukuru, na hasara itaonekana baada ya miaka miwili.

Jina, basi, lisiseme baridi peke yake. Liseme muda. Lakini kwa kitenzi gani? Kuzeesha ni tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kifaransa, ila kwetu kitu kilichozeeka kimeisha nguvu. Nani atanunua kabati la kuzeesha kinywaji chake? Kuvundika kunavutia zaidi, maana Kivu Kusini nzima inajua ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, zinavyovundikwa shimoni chini ya majani mpaka ziive. Ubaya ni kwamba kuvundika kunadai joto na haraka, siku chache tu, na mtu akilifuata neno hilo kwa uaminifu ataifunika mashine blanketi. Kukomaza hakuna mzigo huo. Kinachokomaa hukamilika kwa wakati wake, kiwe tunda, mtu au wazo. Ninapendekeza kabati la kukomazia mvinyo, na ile nyingine iitwe kabati la kupozea mvinyo.

Kuna atakayeuliza kwa nini ukanda huu wa Uvira usitumie Ziwa Tanganyika kulazia chupa. Ulaya walilaza chupa katika mapango, na mwaka 2010 wapiga mbizi waliopoa chupa 168 za shampeni kutoka meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, mita 50 chini ya maji ya nyuzi 2 hadi 4, nyingine zikiwa bado zinanyweka baada ya miaka 170 hivi. Tanganyika halitoi zawadi hiyo. Lina kina cha mita 1,470, lakini hata huko chini kabisa maji yana nyuzi 23 hivi. Hapa mvinyo unategemea umeme, hakuna njia nyingine.

Na umeme wa Uvira hutoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, hukatika, hurudi, hukatika tena. Kukatika kwenyewe si adui mkubwa. Kabati lililojaa chupa hukaa na ubaridi wake kwa saa nyingi, ndiyo maana lenye nafasi tupu lijazwe chupa za maji. Adui ni ule umeme unaorudi baada ya dakika moja. Gesi bado ina shinikizo upande mmoja wa bomba, kompresa inajaribu kuanza ikashindwa, inapata moto, na siku moja haiamki. Kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika tano, pamoja na cha kusawazisha volti, ni rahisi kuliko kompresa mpya.

Kabla ya kununua, soma herufi kwenye kibandiko cha nyuma. N ni mashine iliyoundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Mashine ya N katika chumba chenye paa la bati huko Kalundu itafanya kazi bila kupumzika. Ndani ya makabati mengi ya kukomazia kuna pia rezistansi ndogo ya kupasha joto, kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya. Uvira haitaihitaji karibu kamwe, lakini ikikwama bila kuzima itashindana na kompresa mchana na usiku, na fundi atatafuta tatizo kwenye gesi.

Gesi nayo iangaliwe. Mashine nyingi za sasa zina R600a, gramu chache tu, na inawaka. Kuchomelea bomba kabla ya kuitoa nje ni kuomba moto. Kuweka R134a badala yake katika kompresa isiyo yake ni kuiua taratibu. Matunzo mengine ni ya mwenye nyumba: kufuta vumbi kwenye mabomba ya nyuma, kubadili kichujio cha mkaa kila mwaka, kubana karatasi kwenye mpira wa mlango na kuivuta. Ikitoka bila kukwaruza, hewa ya ziwa yenye unyevu inaingia, na barafu itaota ndani.

Wateja wa kweli wa mvinyo katika ukanda huu ni pamoja na maparokia ya Jimbo Katoliki la Uvira, lililoundwa mwaka 1962. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mvinyo wa misa uwe wa asili, wa zabibu, usioharibika. Haidai ukomavu hata kidogo. Padri anayeshawishiwa kununua kabati la kukomazia anauziwa miaka ambayo chupa zake hazitaishi. Kabati la kupozea, au frigo ya kawaida kwa chupa iliyokwisha kufunguliwa, litamtosha.